Uchambuzi wa bajeti Dodoma: kamati zinafanya kazi, gilotini inamalizia

Tuipime kama huduma nyingine yoyote tunayoilipia. Watoa huduma ni kamati za Bunge la Tanzania, mteja ni mlipakodi, na bidhaa yenyewe ni taarifa ya kamati, ile inayosomwa bungeni Waziri akishamaliza hotuba yake ya makadirio. Bajeti ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Kwa fedha hizo mteja ana haki ya kujua anauziwa nini.

Sehemu bora ya huduma hii hufanyika Machi, kabla Mkutano wa Bajeti haujaanza mwezi Aprili. Kamati za kisekta hutembelea miradi, kisha hurudi Dodoma kumweka kitimoto Waziri na Katibu Mkuu wake, fungu kwa fungu (fungu ni sehemu ya bajeti yenye namba yake, kama ya wizara moja). Hapo hakuna makofi. Kinachoangaliwa ni safu tatu: fedha iliyoidhinishwa, iliyopokelewa kutoka Hazina, na iliyotumika. Ukiipata taarifa ya kamati, ruka kurasa za pongezi (si chache) uende moja kwa moja kwenye jedwali hilo.

Lisome kwa tahadhari, maana lina mitego. Mtego wa kwanza ni tarehe. Wizara moja huleta takwimu za hadi Februari, nyingine za hadi Aprili, na wachangiaji huzishindanisha kana kwamba ni za siku moja. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo mwisho wa Februari ni asilimia 67 ya mwaka, mwisho wa Aprili ni asilimia 83. Chukua mradi wa kufikirika ulioidhinishiwa bilioni 40 na kupokea bilioni 22, yaani asilimia 55. Kama ni hadi Februari, umechelewa lakini unaweza kufidia. Kama ni hadi Aprili, mkandarasi huenda ameshaanza kuhesabu riba ya malipo yaliyochelewa, na riba hiyo itadai sehemu yake kwenye bajeti ijayo.

Mtego wa pili ni fedha za nje. Mfadhili akimlipa mkandarasi moja kwa moja, fedha hizo hazipiti Mfuko Mkuu wa Hazina. Zisiporipotiwa kwa wakati, jedwali linaonyesha sifuri huku greda likiwa barabarani. Kinyume chake nacho kipo: fedha inaingia wiki ya mwisho ya Juni, karatasi inasema asilimia 100, na tofali la kwanza bado halijawekwa.

Wa tatu ndio unaowapata wengi: asilimia ya jumla. Mishahara hulipwa kila mwezi bila kukosa, kwa hiyo wizara yenye watumishi wengi itaonekana inakwenda vizuri hata kama miradi yake imelala. Tenganisha. Matumizi ya kawaida ya wizara yako kwenye Kitabu cha Pili cha makadirio, miradi ya maendeleo iko Kitabu cha Nne. Kamati nzuri hukutenganishia mishahara, OC (matumizi mengineyo ya uendeshaji) na maendeleo, kisha maendeleo ikaigawa fedha za ndani na za nje. Isipofanya hivyo, punguza nyota moja.

Udhaifu mkubwa ni kwamba kamati haishiki kalamu. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mbunge kupeleka hoja ya kuongeza kodi au matumizi mpaka pendekezo litoke kwa Rais. Ndiyo maana taarifa zimejaa "Kamati inashauri" na "Kamati inasisitiza". Mahali penye nafuu ni Kamati ya Bajeti, ambayo hukaa na Wizara ya Fedha kujadili hoja zilizojirudia kwenye mijadala ya wizara, na husikiliza wadau kuhusu Muswada wa Fedha. Hapo viwango vya kodi hubadilika kweli. Mwenye biashara apeleke maoni kwa maandishi: kifungu gani, kibadilike vipi, Serikali itapoteza mapato kiasi gani na itayafidia wapi. Malalamiko yasiyo na hesabu hayafiki mbali.

Bunge zima likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya wizara, huduma hugeuka burudani. Mbunge anasimama kwenye mshahara wa Waziri na kusema asipopata maelezo ya kutosha atashika shilingi, yaani atapendekeza mshahara huo upunguzwe shilingi moja. Waziri anaahidi. Mbunge hajaridhika, anatoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, maelezo yanarudiwa kwa sauti ya upole zaidi, na mwisho shilingi inarudi kwa mwenyewe. Muda ukiisha inakuja gilotini: Katibu anasoma mafungu yaliyobaki na yote yanapita bila swali. Mabilioni mengi zaidi hupita katika dakika zile kuliko saa nzima ya kuvutana kuhusu shilingi moja. Tena ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo usitegemee "hapana" nyingi kura ya majina inapopigwa.

Baada ya fedha kutumika, zamu ni ya PAC (Kamati ya Hesabu za Serikali) kwa Serikali Kuu na LAAC (Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa) kwa halmashauri. Malighafi yao ni ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ni nzuri. Rais hukabidhiwa mwishoni mwa Machi, na zinatakiwa kufika bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Kasi huishia hapo. Ripoti za mwaka 2021/22 zilijadiliwa bungeni Novemba 2023, miezi 16 baada ya mwaka wenyewe kufungwa. Afisa masuuli (mtendaji anayewajibika kwa fedha za fungu) aliyesaini malipo anaweza kuwa ameshahamishwa, na anayejibu maswali ni aliyeikuta ofisi.

Na hati safi ya mkaguzi isikulevye. Inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango. Haisemi kisima kinatoa maji. Kwa hilo soma ripoti za ukaguzi wa ufanisi. Hata kamati zenyewe huteleza hapa: huhesabu zahanati zilizokamilika bila kuuliza ngapi zina mganga na dawa. Lengo la viongozi wa Afrika la Abuja la mwaka 2001, asilimia 15 ya bajeti kwenda afya, hutajwa mara kwa mara, lakini nalo linapima kinachoingia.

PAC ikiamua, ina meno. Maazimio ya Novemba 2014 kuhusu sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow yalifuatiwa na kujiuzulu kwa Mwanasheria Mkuu na kuondolewa kwa Waziri mmoja kabla mwaka haujaisha. Kwa kazi ya kila siku, kamati zote kwa jumla zinapata nyota tatu kati ya tano: nne kwa uchambuzi wa Machi, mbili kwa Juni, bajeti inapopitishwa.

Ukitaka kuipima wizara yako mwenyewe, anza na namba ya fungu: 43 Kilimo, 46 Elimu, 49 Maji, 52 Afya. Tafuta taarifa za kamati za miaka miwili mfululizo. Kwenye ya zamani soma maoni na ushauri, kwenye mpya soma utekelezaji wa ushauri huo. Ukikuta "Serikali imepokea ushauri na inaendelea kuufanyia kazi", fungua Kitabu cha Nne, utafute mradi huo una namba gani na umetengewa shilingi ngapi.