Uzoefu wangu wa kupanda mnara wa Garcia na Stichtenoth kwa SageMath

Ninasomea shahada ya uzamili ya hisabati hapa Kampala, na kwa miezi saba sasa nimekuwa nikiitumia SageMath, programu ya kompyuta ya hisabati, kwa kazi moja tu, nayo ni kuchunguza minara ya nyuga za fankisheni za aljebra juu ya nyuga zenye kikomo, yaani mifumo yenye idadi maalumu ya elementi ambamo unaweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ninawaandikia wenzangu wa vyuo vya huku kwetu waliokutana na mada hii katika nadharia ya misimbo, wakaambiwa kwamba asiye na programu ya kulipia hawezi kufika mbali. Programu hii ni ya bure. Nilichogharimia ni bando la kuipakua, kwa kuwa faili lake ni zito, nami nililiacha lishuke usiku kucha. Tangu siku hiyo inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo mwanafunzi anayehesabu kila megabaiti hawezi kulipuuza.

Kwa asiyeifahamu mada, mnara huanza na x peke yake. Huongezwa y iliyofungwa na x kwa mlinganyo, kisha z iliyofungwa na y kwa mlinganyo uleule, na hivyo hivyo kwenda juu, kila nyongeza ikawa ghorofa mpya. Katika kila ghorofa tunatazama namba mbili: jenasi, inayopima uchangamano wake, na idadi ya nukta za digrii 1, yaani zile zinazopatikana ndani ya uga wenyewe. Mwenye kutunga misimbo ya kusahihisha makosa kwa njia ya mwanahisabati Goppa hutaka nukta nyingi kwa jenasi ndogo, kwa sababu nukta ndizo zinazoupa msimbo urefu, ilhali jenasi huupunguzia uwezo. Mwaka 1983 wanahisabati Drinfeld na Vlăduţ walithibitisha kwamba jenasi inapokua bila kikomo, uwiano wa nukta kwa jenasi hauwezi kubaki juu ya kipeuo cha pili cha ukubwa wa uga kikitolewa 1. Kwa uga wenye elementi 4, mpaka huo ni 1. Mnara ambao wanahisabati Garcia na Stichtenoth waliuchapisha mwaka 1996 unaufikia mpaka huo, na katika uga huu mlinganyo wake wote ni huu: y² + y = x²/(x + 1).

Jioni ya kwanza niliuandika mlinganyo huo, nikaomba nukta za ghorofa ya pili, nikapewa 4. Nilikuwa nikitarajia 8. Niliupitia mlinganyo alama kwa alama nikauona sawa, na nilikaribia kuamini kwamba programu ina hitilafu, hadi nilipoutazama mstari wa juu kabisa na kukuta nimeandika GF(2), yaani uga wa elementi 2, mahali pa GF(4). Programu ilikuwa imejibu kwa usahihi swali nililoliuliza. Juu ya uga wa elementi 2, x = 0 hutoa nukta mbili, x = 1 hutoa moja, na x isiyo na kikomo hutoa moja; jumla ni 4.

Nilipoirekebisha namba hiyo nilichukua karatasi nihakikishe kwa mkono, na hapo ndipo mnara uliponifungukia. Uga wa elementi 4 una 0, 1, a na a + 1, ambapo a² = a + 1. Ukiweka x = a, upande wa kulia unakuwa a² juu ya a², yaani 1. Ukiweka x = a + 1, unapata 1 vilevile. Mlinganyo y² + y = 1 nao una majibu mawili, na majibu hayo ni a na a + 1 tena! Kwa hiyo kila nukta ya aina hii huzaa mbili za aina ileile katika ghorofa inayofuata, wala uzazi huo haukomi: 2, 4, 8, 16. Nilikuwa nimeusoma uthibitisho huu mara nyingi bila kuuona.

Kuhusu jenasi, SageMath ilinipa 1 kwa ghorofa ya pili na 3 kwa ya tatu, sawasawa na fomula ya Garcia na Stichtenoth inavyosema. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuukunja mnara kwanza, yaani kuondoa herufi za katikati ili ubaki na mlinganyo mmoja juu ya x, ndipo aombe jenasi. Ghorofa ya nne, ambayo mlinganyo wake una digrii 8, ilinipa 9 baada ya kusubiri kwa muda.

Ghorofa ya tano imenishinda kwa sasa. Digrii inafika 16, na kompyuta yangu yenye RAM ya gigabaiti 4 ilijaa ikaganda. Mara ya pili umeme ulikatika kabla haijafika popote, na betri yangu ni ya zamani. Fomula inanipa jenasi 21 na nukta zisizopungua 32, na ya sita inanipa 49 kwa 64, uwiano ukizidi kuteremka kuelekea 1. Mwenzangu mmoja ana mashine yenye gigabaiti 16, naye amekubali niiachie kazi hiyo Ijumaa usiku.