Majaketi okozi yanayouzwa Mwanza: lipi linafaa kuvukia ziwa

Chombo kinachobeba abiria Ziwa Victoria kinatakiwa kiwe na jaketi okozi kwa kila aliyemo, na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania lililoanza kazi Februari 2018, ndiyo yenye dhamana ya kukagua. Septemba mwaka huohuo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Chombo kikibinuka namna ile hakuna anayepata muda wa kufungua sanduku la majaketi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jaketi lolote ni kama mtu atakubali kukaa nalo mwilini safari nzima.

Tazama lebo ya ndani. Jaketi la kuaminika lina namba 50, 100 au 150 ikifuatwa na N, yaani newtoni, kipimo cha nguvu. Namba hiyo ni nguvu ya kuelea: 50 huinua karibu kilo 5, na 100 karibu kilo 10. Kwa abiria wa visiwa vya Ukerewe au Kome, chukua 100. Lina povu nene kifuani na kola nyuma ya shingo, hivyo linasaidia kumlaza mtu chali hata akiwa hajui kuogelea. La 50 halimgeuzi aliyezimia, na kwa abiria halitoshi.

Kwa mvuvi wa dagaa hali ni nyingine. Jaketi la 100 linanasa kwenye nyavu na kumbana mikono anapovuta, kwa hiyo analivua na kulikalia. Hapo kizibao chepesi cha 50 kinachovaliwa usiku kucha ni bora kuliko la 100 lililo chini ya miguu. Hakikisha tu kina filimbi na vipande vinavyong'aa vikimulikwa, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza na aliyeanguka haonekani hata mita chache kutoka kwenye taa.

Yanayojaa kwa gesi yanavutia kwa wembamba wake, lakini kwenye mtumbwi siyapendekezi hata kidogo. Msumari au ndoana hutoboa mfuko wa ndani, na mtungi wa gesi ukishatumika mara moja lazima ununuliwe mwingine.

Hatari kubwa ni yale yasiyo na lebo, yaliyoshonwa vizuri kwa nje na kujazwa sponji ya godoro. Sponji hiyo hunywa maji. Linaelea mwanzoni, kisha linakuwa mzigo. Kuna kipimo kisichohitaji mtaalamu: funga mfuko wa mawe ya kilo 8 kwenye jaketi la mtu mzima la 50, au kilo 16 kwenye la 100, ulitumbukize kwenye maji yenye kina na uliache usiku kucha. Mawe hupungua uzito ndani ya maji kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo kilo 8 huvuta kama kilo 5. Asubuhi likiwa limezama, lirudishe kwa muuzaji. Ukaguzi unaohesabu majaketi bila kuyaminya wala kuyapima hauwezi kuligundua jaketi la namna hiyo, na hilo ndilo pengo ambalo kanuni zinapaswa kuliziba.

Hata jaketi zuri huharibika. Kulikalia hubana povu lisirudi, jua hufanya vifungo vya plastiki vikatike, na petroli ya injini hula povu na kitambaa. Lioshe kwa maji na sabuni, lianikwe kivulini.

Kwa mtoto usinunue kubwa ili akue nalo. Lebo hutaja uzito wa mvaaji, ufuate. Mvalishe, funga mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha shika jaketi mabegani umnyanyue. Likipanda hadi masikioni, majini litamvuka kichwa, na kubana mikanda ya kifuani peke yake hakutalizuia.