Skipton, Yorkshire: siku tatu kwenye mji wa mnada (uzoefu wangu)

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekulia kwenye mnada wa Msalato, kwenye vumbi, mbuzi na moshi wa nyama choma. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Leeds aliponiambia kuna mji wa gulio karibu na kwake, nilimcheka. Gulio, Uingereza? Nilijua kule kila kitu kimefungwa kwenye nailoni ndani ya supamaketi. Basi Mei 2025 nikalala Skipton usiku mbili, na haya nayaandikia wenye ndugu kaskazini mwa Uingereza ambao kila wakienda wanaishia kupiga picha London na kurudi nyumbani.

Kufika hakuna shida. Treni ya kutoka Leeds ni dakika 45 hivi, inafuata bonde la mto Aire na kupita Keighley, na kutoka stesheni unatembea dakika kumi tu uko sokoni. La kuzingatia ni siku. Soko ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mimi nilifika Jumatatu nikaukuta mji umechangamka. Kesho yake Jumanne barabara ile ile ilikuwa ya magari yaliyoegeshwa tu.

Soko liko barabarani hasa. High Street ni pana, inapanda taratibu hadi kwenye kanisa la Holy Trinity na lango la ngome, na meza zinapangwa pande zote mbili juu ya mawe ya kale. Mfalme John ndiye aliyetoa hati ya soko mwaka 1204. Vinavyouzwa ni vya kawaida kabisa: jibini, samaki, miche ya maua, mikoba, chakula cha mbwa, soksi. Mzee wa soksi za sufu, miaka sabini kama si zaidi, aliniita "love". Niligeuka nyuma nione anaongea na nani. Baadaye nikagundua Yorkshire neno hilo ni kama sisi tunavyoitana "mama" au "dada" na mtu hatumjui. Nikamwambia anipunguzie kidogo. Hakushusha hata senti, ila alinitupia jozi ndogo ya mtoto ndani ya mfuko. Nyongeza! Hapo nikajisikia nyumbani.

Mama wa jibini alinikatia kipande cha Wensleydale kwa waya mwembamba, akanipa nionje, kisha akaniamuru, naam, akaniamuru, nikale na keki ya matunda. Jibini na keki? Nilifanya hivyo chumbani usiku kwa kutomwamini. Jibini ile ina uchachu kidogo na inamegeka kama mhogo uliochemka vizuri, na ukiiweka juu ya keki tamu, utamu unatulia. Nilimaliza kipande kizima ambacho kilikuwa cha dada.

Waislamu wenzangu, sikilizeni. Pai zinazosifiwa kila dirisha hapa ni za nguruwe. Hata samaki na chipsi, ambayo wengi tunadhani ni salama, uliza kwanza wanakaangia nini, maana Yorkshire maduka mengi bado yanatumia mafuta ya ng'ombe. Nilikolala, mwenye nyumba aliniondolea bekoni kwenye kifungua kinywa bila maneno, akaniongezea mayai na uyoga. Chumba chenyewe kilikuwa kisafi lakini baridi, na ngazi nyembamba kiasi kwamba begi langu lilipanda kwa kusukumwa na watu wawili. Pauni 75 kwa usiku. Sikufurahi, sikulia.

Jina Skipton maana yake ni mji wa kondoo, na ukitaka kuamini, nenda mnadani. Uko pembeni ya mji, kwenye barabara ya kwenda Gargrave, jengo kubwa lenye mazizi ya vyuma yasiyohesabika. Watalii wengi hawafiki huko, na nadhani ndiyo sababu nilipapenda kuliko pengine pote mjini. Nilikaa kwenye ngazi za viti juu ya uwanja mdogo wenye pumba za mbao. Kundi la kondoo linaingizwa, linazungushwa, dalali juu ya kizimba anaanza kutiririka kama redio iliyokwama, na ndani ya dakika moja limeuzwa. Nani kanunua? Sikuona mkono ukinyanyuka. Nikaanza kuwatazama wazee mmoja mmoja. Mmoja alikuwa ameegemea chuma, kofia imeshuka machoni, kidole kimoja cha shahada juu ya chuma. Kidole kikiinuka, bei inapanda. Kikilala, ametoka. Msalato watu wanapigana mabega na kuapa kwa majina ya wazazi wao. Hapa maelfu ya pauni yanaenda kwa kidole. Lakini mzee aliyekaa jirani yangu alinieleza kwamba muuzaji humrudishia mnunuzi pesa kidogo mkononi baada ya biashara, pesa ya bahati. Kumbe nyongeza ipo hata huku, hawapigii kelele tu. Ila nyama choma hakuna. Kuna mgahawa, chai, na mkate wenye soseji. Hilo ni pungufu kubwa sana kwa mnada wowote duniani.

Ngome ya Skipton tiketi yake si ya bei ndogo, ila ni ngome nzima, yenye paa, si magofu. Ilianzishwa na Wanormani mwaka 1090. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza ilizingirwa miaka mitatu, ikajisalimisha Desemba 1645, na husimuliwa kwamba waliokuwa ndani walining'iniza ngozi za kondoo zenye manyoya ukutani ili kupunguza nguvu ya mizinga. Kondoo tena! Kisha kuna mwanamke mmoja ambaye habari zake zilinifanya nikae kwenye benchi muda mrefu. Lady Anne Clifford alizaliwa humo ndani mwaka 1590. Baba yake alipokufa mwaka 1605, mali yote aliiachia kaka yake, yaani baba mdogo wa binti, ingawa Anne ndiye mtoto pekee aliyebaki hai. Alikuwa na miaka 15. Akashitaki, akabanwa na waume wawili, akabanwa na mfalme mwenyewe, akakataa kutia saini. Mali ilimrudia mwaka 1643, baada ya watu wote wa upande ule kufa. Miaka 38! Wajomba na baba wadogo wa aina hiyo sote tunawajua kwa majina. Alipoikarabati ngome iliyobomolewa baada ya vita, mwaka 1659 akapanda mti aina ya yew katikati ya ua. Upo. Shina limejisokota, matawi yamefunika ua karibu wote, na watoto wa shule walikuwa wanauzunguka wakipiga kelele.

Mfereji sitausema sana. Ni ule wa Leeds na Liverpool, kilomita 204, ulioanza kuchimbwa mwaka 1770 na kukamilika 1816, na boti ndefu nyembamba zinapita humo polepole kuliko mtu anayewahi ofisini. Safari fupi ya boti nyuma ya ngome inapendeza kwa wazee na watoto. Mimi nilisinzia.

Jumanne nikaenda kijiji cha Malham. Basi nauli yake haizidi pauni 3 kwa safari, ndiyo kikomo cha serikali, lakini mabasi ni machache kwa siku, kwa hiyo piga picha ratiba kabla ya kuondoka. Njiani kote ni kuta za mawe, zinapanda vilima na kushuka upande wa pili. Eneo la hifadhi ya Yorkshire Dales lina kama kilomita 8,000 za kuta hizi na hazina tone la saruji. Nilisimama kwenye sehemu iliyobomoka nikaona siri yake: ni kuta mbili zinazoegemeana, katikati zimejazwa mawe madogo, na kila baada ya hatua chache kuna jiwe refu linalopita kutoka upande hadi upande kuzifunga pamoja.

Malham Cove ni jabali la mawe ya chokaa lenye urefu wa mita 80, limejipinda kama upinde, na kijito kinatoka chini yake kimyakimya. Zamani sana maji yalianguka kutoka juu. Desemba 2015, kimbunga Desmond kilipopita, yalianguka tena kwa muda mfupi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuliona. Ngazi za kupanda juu ni kama 400. Huko juu mwamba umekatikakatika kama ugali uliopasuka kwa kukauka, na ndani ya nyufa, penye unyevu na kivuli, imeota mimea kama bustani iliyofichwa. Vaa buti. Raba zangu ziliteleza mara mbili, na mara ya pili mama mmoja wa Kizungu alinishika kiuno bila hata salamu.

Saa ya kurudi, basi halikuja. Nilikaa kituoni dakika arobaini, simu haina mtandao, ndipo muuza duka akaja kunieleza kwamba ratiba iliyobandikwa pale ilikuwa ya zamani. Kampuni siitaji, lakini karatasi hiyo wangeibandua tu. Akaniambia, kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na shida, nitembee hadi Gargrave, kilomita 11 hivi, huko mabasi ya Skipton ni mengi.

Na hapo ndipo nilipopata thamani ya pesa yangu yote. Njia ya Pennine Way, njia ndefu ya watembea kwa miguu, inakatiza mashamba ya watu. Si njia ya wizi; kisheria mtu yeyote anaruhusiwa kupita, na mwenye shamba hana la kusema mradi umefunga geti na kutotoka nje ya njia. Unafuata alama ya tunda la mwaloni, unapanda vijiwe vilivyotokeza ukutani kama ngazi, unashukia shamba la mtu mwingine. Kondoo wa Swaledale, uso mweusi na pua nyeupe, wanakutazama. Kila mama amepuliziwa namba ya rangi ubavuni, na wanawe wana namba hiyo hiyo. Namba 47 alikuwa na mapacha. Mmoja alikuwa amepotea upande wangu wa ukuta, analia, na mama anamjibu kutoka ng'ambo. Sikufanya lolote. Baada ya muda mtoto akaliona tundu la mraba chini ya ukuta, lililoachwa makusudi kwa kazi hiyo, akapita.

Kabla ya hapo, hatua chache nje ya Malham, nilipita Aire Head. Maji yanayozama ardhini karibu na ziwa la Malham Tarn hayatokei chini ya jabali kama ungedhani. Yanachipukia hapa, kwenye majani, bila kelele, na kuungana na vijito vingine kuwa mto Aire. Nilitumia saa tatu na nusu hadi Gargrave, viatu vimejaa tope, na mvua ya manyunyu ilinikuta njiani, kijiji cha Airton.

Jumatano dada alinipokea stesheni ya Leeds. Nilimvuta moja kwa moja hadi chini, kwenye matao meusi ya matofali ambako mto unanguruma chini ya reli, nikamwambia mto huu jana nimeuona ukichipuka kwenye majani. Akatazama viatu vyangu, akatazama mfuko, akauliza jibini yake iko wapi.