Mpunga: kujaza maji jaruba muda wote au kilimo shadidi?

Jamani wakulima wa mpunga, hili swali la kujaza maji jaruba (kile kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta) au shadidi, ile ya kuingiza maji na kuacha udongo ukauke kidogo, naulizwa kila msimu, ngoja niseme ninavyoona. Ile ya kujaza maji tumeirithi kwa wazee, unahamisha miche ya wiki tatu hadi nne, unachomeka mitatu minne shimo moja, maji yanakaa mpaka karibu na kuvuna. Raha yake ni magugu, maji yanayazuia kweli, palizi inakuwa nafuu.

Shadidi ilianzia Madagascar miaka ya 1980, kwa padri Henri de Laulanié, na kwetu watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wameijaribu pale skimu ya umwagiliaji ya Mkindo, Mvomero, mkoani Morogoro. Unahamisha mche mchanga wa siku 8 mpaka 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, maji unaingiza unaacha udongo ukauke kidogo unaingiza tena, mizizi inapata hewa inashuka chini na mche unatoa machipukizi mengi sana. Mbegu inayotumika ni kidogo mno, maji yanapungua sana, hata viluwiluwi vya mbu vinapungua.

Ila magugu aisee, usipopalilia mapema yanakumaliza, tafuta kile kipalizi cha kusukuma. Na jaruba lisiposawazishwa vizuri miche mingine inazama mingine inakauka.

Mimi nachagua shadidi, lakini kama skimu yenu maji ya zamu hayaaminiki, bora ujaze kwanza.