Tumkabe mtu au tukabe eneo?

Jioni Malindi, maji yakishapwa, vijana wetu hucheza mpira ufukweni, na swali hurudi lilelile: tumkabe mtu au tukabe eneo?

Kukaba mtu ni rahisi kufundisha: "Wako ni yule, usimwache." Inter, klabu ya Italia chini ya kocha Helenio Herrera, ilitwaa Kombe la Ulaya la klabu 1964 na 1965 kwa mtindo huo, beki mmoja akiachwa huru nyuma. Lakini mshambuliaji mjanja humvuta beki hadi pembeni, katikati pakabaki wazi.

Kukaba eneo kunataka macho. Beki hutazama mpira, mwenzake na nafasi. Mpira ukienda kushoto, safu nzima husogea kushoto, kama wavuvi wanaovuta wavu mmoja. Milan, nayo ya Italia, chini ya kocha Arrigo Sacchi ilitwaa kombe hilohilo hivyo 1989 na 1990. Juzi beki wetu wa kulia, mtoto wa miaka 13, alimwacha winga akakimbilia katikati kuziba pengo kabla pasi haijapigwa. Nilifurahi mno! Alikuwa ameiona pembetatu ya wapinzani, yaani watatu wanaojipanga kupasiana, ikijengeka, na pembetatu hiyo utaikuta hata kwenye mpira wa kikapu na magongo.

Mimi nachagua eneo. Ila ikipigwa kona, kila mmoja nampa mtu wake.