Dona au sembe: tukiangalia sumukuvu

Kwenye soko la Kilombero, Arusha, ubishi wa dona na sembe huwa ni wa lishe, na hapo dona hushinda bila jasho: kiini na ganda vimebaki, pamoja na mafuta, nyuzinyuzi na vitamini zake. Ukigusa sumukuvu, mambo yanageuka. Sumu hii ya ukungu hujaa zaidi kwenye kiini na ganda, yaani kilekile ambacho mashine ya kukoboa hukiondoa. Mahindi yaleyale yakikobolewa hutoa unga wenye sumu pungufu. Pungufu, si sifuri. Na moto wa kusonga ugali hauiangamizi.

Pumba nazo haziishii mashineni. Huko Moshi huliwa na ng'ombe wa ndani, na sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa.

Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na jicho haliwezi kukipima. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na kwa jirani zetu Manyara.

Mimi nala dona, ila ya mahindi makavu niliyoyachambua mwenyewe, punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi nikazitupa. Dona ya kupimiwa kwa kilo dukani, isiyojulikana ilikotoka? Hapo nipe sembe.