x264 au NVENC: ipi inafaa kurekodi gemu?

Kwenye OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha video, x264 na NVENC ni njia mbili za kubana video. x264 hutumia prosesa ileile inayoendesha gemu. Yenye viini vinne huzidiwa haraka na video ikakatakata. Shusha video hadi 720p, fremu 30 kwa sekunde, uchague kasi ya kubana ya "veryfast". NVENC ina sehemu yake maalumu ndani ya kadi ya picha ya NVIDIA. Kama kadi yako ina NVENC, ichague bila kusita. Ila gemu lisilo na kikomo cha fremu huweza kuijaza kadi hadi asilimia 100, OBS ikakosa nafasi ya kupanga picha: weka kikomo cha fremu 60. Kwa joto la Oktoba Tabora, laptopu hujipunguzia kasi; safisha feni kwanza. Ukirusha moja kwa moja na fremu zikapotea kwenye mtandao tu, x264 na NVENC hazina kosa: punguza bitireti (kiasi cha data ya video kwa sekunde) hadi 2500 kbps.